Fort Jesus, Mombasa: namna ya kuizuru ngome ukaielewa

Wengi wanaoingia Fort Jesus hutoka baada ya dakika 40, jasho limewalowesha, simu zimejaa picha za mizinga, na ukiwauliza ukuta upi ni wa Mreno na upi ni wa Mwarabu hawana jibu. Ngome hii imekaliwa na wenyewe wengi, na kila aliyeingia alijenga juu ya kazi ya aliyemtoa. Asiyejua hilo huona mawe tu. Anayelijua husimama mahali pamoja akaona miaka 300 imepangana kama mikate kwenye sinia.

Tenga saa mbili na nusu. Saa moja inatosha kupiga picha, haitoshi kutazama.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kitu cha kwanza ni kitambulisho. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ndiyo yanayoisimamia ngome, hutoza viingilio kwa makundi: raia, wakaazi wa Afrika Mashariki, na wageni wa nje. Pengo kati ya bei ya raia na ya mgeni ni kubwa, ni mara kadhaa. Keshia hawezi kukusomea uraia usoni wala kwenye lafudhi, kwa hiyo Mkenya awe na kitambulisho chake, na Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mnyarwanda awe na pasi au hati yake ya kusafiria. Watoto hulipa nusu au karibu na hapo. Wanafunzi wanaokuja kwa kundi waje na barua ya shule yenye muhuri na idadi kamili, walimu wakiwamo. Barua isiyo na idadi ndiyo inayochelewesha basi zima getini.

Cha pili ni njia ya kulipa. Malipo ya taasisi za serikali nchini Kenya yamehamia kwenye mitandao, na makumbusho nayo yamo. Weka pesa kwenye M-Pesa, au uwe na kadi, na simu iwe na chaji. Aliyetoka Tanga kupitia Horohoro na Lunga Lunga akiwa na laini ya Tanzania peke yake aandae kadi mapema, au aongozane na mwenyeji mwenye laini ya Kenya. Mtu kusimama dirishani na noti mkononi huku hakuna wa kumlipia ni jambo linalotokea.

Maji: lita moja kwa kila mtu mzima, nusu lita kwa mtoto. Kofia au mtandio. Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli yenye meno, kwa sababu ngazi za mawe zimesuguliwa na nyayo za karne nne na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Ndala ni za nyumbani. Mwanamke anayetaka kuendelea hadi Mji wa Kale baadaye atafurahi kuwa na leso mfukoni. Inafaa kwa jua, kwa upepo, na kwa heshima ya mitaa utakayopita.

Kuhusu majira, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mawe ni kali hata upepo ukivuma. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, mvua inaweza kukukamata uwanjani mahali pasipo na paa. Kusi, hasa Juni hadi Septemba, ndio wakati mzuri zaidi. Agosti, Pasaka na Desemba watu ni wengi. Siku za kati ya wiki shule zikiwa zimefunguliwa utakutana na misururu ya wanafunzi, lakini wao hupita haraka. Kaa kando dakika kumi, watakwisha.

Kufika

Mwambie dereva wa tuktuk "Fort Jesus" na inatosha. Anayekuja kwa matatu kutoka Nyali, Bamburi au Mtwapa ashuke Posta, kisha atembee kwa Barabara ya Nkrumah kuelekea baharini, mwendo wa robo saa hivi. Njiani utapita jengo la mahakama ya zamani, lililofunguliwa mwaka 1902. Barabara inaishia ngomeni, huwezi kupotea. Anayetoka kusini avuke Likoni kwa feri kisha achukue tuktuk. Kutembea kutoka feri kunawezekana ila utafika umechoka kabla kazi haijaanza. Wanaoshuka kwenye treni ya SGR wakumbuke kwamba stesheni iko Miritini, bara, na kwamba barabara ya kuingia kisiwani kwa Makupa hujaa magari. Usipange kushuka treni alasiri na kuizuru ngome siku hiyohiyo.

Ingia mapema asubuhi, mara tu baada ya kufunguliwa. Ngome hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nafasi ya pili nzuri ni kuanzia saa tisa na nusu alasiri, jua likianza kulegea na rangi ya kuta ikageuka kama ya ngozi ya embe. Wakati mbaya kabisa ni kati ya saa sita na saa tisa. Uwanja wa ndani hauna miti ya kutosha, na mawe meupe hukurudishia joto usoni.

Nje utakutana na vijana wanaojitolea kukuongoza. Wapo wanaoijua historia vizuri kuliko vitabu, na wapo wanaobuni. Omba kuona kitambulisho cha kazi, patana bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na taja kama bei ni ya mtu mmoja au ya kundi zima. Ugomvi mwingi wa mwisho wa ziara unatokana na neno hilo moja lisilotamkwa mwanzoni. Taja pia unachotaka: ndani ya ngome tu, au na Mji wa Kale.

Tarehe tano za kushika

Usibebe tarehe 30. Hizi tano zitakufikisha.

1593: Wareno wanaanza kujenga, kwa amri ya Mfalme Filipe aliyetawala Hispania na Ureno pamoja. Mchoraji wa ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano. Kazi kubwa inakamilika 1596.

1631: Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo, anawageuka, anaingia ngomeni na kumuua kapteni. Wareno wanarudi na kuizingira, wanashindwa kumtoa, lakini mwaka uliofuata yeye mwenyewe anaiacha na kuondoka.

1698: baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, ngome inaangukia mikononi mwa Waomani.

1837: Seyyid Said anaumaliza utawala wa ukoo wa Mazrui, waliotumwa na Oman kuwa maliwali kisha wakajitawala.

1895: Waingereza wanaifanya jela. Inabaki jela hadi 1958, inachimbwa na kusafishwa na mwanaakiolojia James Kirkman, na 1960 inafunguliwa kuwa makumbusho kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Kuna moja ndogo ya ziada: Wareno walirudi 1728, wakakaa mwaka mmoja na nusu hivi, na watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa Novemba 1729. Waongozaji wengi huiruka. Mwulize wako, utajua umempata wa aina gani.

Anza nje, si ndani

Kosa kubwa la mpangilio ni kulipa, kuingia, na kwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa makumbusho. Ukumbi una kivuli, ndiyo maana unavuta watu. Lakini vyombo vilivyomo havisemi kitu kwako kama hujaona kuta zilizovilinda. Tumia ubaridi wa asubuhi kwa mambo ya jua, uuache ukumbi kwa saa ya joto.

Kabla ya kukata tiketi, simama upande wa nchi kavu utazame ukuta na handaki lililo chini yake. Handaki halikujengwa, lilichongwa kwenye mwamba wenyewe wa matumbawe. Ukitazama vizuri, sehemu ya chini ya ukuta nayo ni mwamba uliochongwa ukawa ukuta, na ujenzi wa mawe na chokaa umeanzia juu yake. Tafuta mstari wa makutano, unaonekana. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya ngome kusimama hadi leo: msingi wake ni kisiwa chenyewe.

Kisha tazama pembe. Ngome ina buruji nne, na kila moja imetoka nje ya ukuta kama mkono uliokunjwa. Mbili zinatazama bara, São Filipe upande wa kaskazini na São Alberto upande wa kusini. Mbili ziko karibu na bahari, São Matias na São Mateus. Simama mahali popote chini ya ukuta wa upande wa bara kisha uinue macho: kila unaposimama, kuna buruji inayokutazama ubavuni. Hiyo ndiyo hesabu ya Cairati. Ngome za zamani zenye kuta zilizonyooka na minara ya duara zilikuwa na sehemu ambayo adui akishafika chini ya ukuta haonwi na mtu. Hapa hakuna mahali pa kujificha. Baruti ilikuwa imeshabadilisha vita Ulaya, na Mombasa ikapata ngome ya mtindo mpya wakati huohuo.

Wanasema ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala: buruji mbili za bara miguu, mbili za pwani mikono, na sehemu iliyochomoza baharini kichwa. Kutoka chini hutaliona. Liangalie kwenye ramani ya setilaiti katika simu kabla hujaingia. Baadaye litakusaidia kujua umesimama wapi. Kama umefikiria kurusha droni uione mwenyewe, iache nyumbani. Hairushwi bila kibali, na itakupotezea asubuhi nzima.

Mlangoni

Mlango mkubwa umejibanza upande wa mji, chini ya ulinzi wa buruji ya São Matias, mbali na upande ambao mizinga ya adui wa bara ingepangwa. Kabla ya kuingia inua macho juu. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo watu hupita chini yake kila siku bila kulitazama. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na miaka 27, baada ya ghasia za Yusuf bin Hasan. Anajivunia kuijenga ngome upya, kuwatoza kodi wafalme wa pwani, na kuiadhibu miji ya Pate na Siu hadi kubomoa kuta zake. Mwombe mwongozaji akusomee tafsiri yote. Ni barua ya majivuno ya kijana, iliyochongwa kwenye jiwe ili pwani nzima isome, na wengi wa waliotajwa mle hawakujua kusoma Kireno.

Ukivuka kizingiti, gusa mbao za mlango ukitaka, lakini kuta zenye rangi au michoro usiziguse mahali popote ndani. Jasho la mkono lina chumvi na mafuta. Chokaa huvinywa, na rangi iliyokaa juu yake huanza kubanduka. Hakuna mgeni mmoja anayeharibu. Wanaharibu 1,000, kila mmoja kidole kimoja.

Njia ya kupita ndani

Ukishaingia uwanjani usikate katikati. Shika mkono wa kulia, upande wa São Filipe, uzunguke kuta kwanza. Juu ya buruji hii kuna Nyumba ya Kiomani, ya mwishoni mwa karne ya 18. Ndani mna vito vya fedha na vitu vya nyumbani vya Waarabu wa pwani. Vyumba ni virefu na vyembamba, na anayejua nyumba za Lamu au Unguja ataijua sababu hata kabla ya kuelezwa: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Mkoko hautoi boriti ndefu, kwa hiyo chumba hakiwezi kupanuka, hurefuka tu. Paa lake bapa likiwa wazi siku hiyo, panda. Ni mahali pazuri pa kuona mapaa ya Mji wa Kale na mlango wa bandari ya zamani kwa pamoja, na hapo utaelewa bila kuambiwa kwa nini ngome iliwekwa mahali hapa na si pengine: jahazi lolote linaloingia lazima lipite mbele ya mizinga.

Hapohapo zoea kutofautisha mikono ya mafundi. Kazi ya Mreno ni nzito, pana, yenye pembe kali, iliyokusudiwa kumeza risasi ya mzinga. Kazi ya Muomani iko juu yake na ni nyembamba zaidi: waliinua kuta, wakaongeza vijinara vya walinzi na matundu membamba ya bunduki. Ukiona ukuta mnene chini na mwembamba juu, umeona 1596 na karne ya 18 zimebebana. Kazi ya Mwingereza haionekani sana, kwa kuwa majengo ya jela mengi yaliondolewa ngome ilipogeuzwa makumbusho.

Endelea na ukuta wa bara hadi São Alberto, kisha ushuke upande wa São Mateus. Ukingo wa ukuta mahali pengi ni mfupi, unamfikia mtu mzima kiunoni au chini ya hapo, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuupanda kabla hujamaliza kusema "acha". Kwa kundi la shule, mtu mzima mmoja kwa watoto kumi chini uwanjani, na mmoja kwa watano mkipanda juu. Usiruhusu mtu kukaa juu ya ukingo kwa ajili ya picha, kwani chini yake si mchanga, ni mwamba.

Uwanjani, misingi utakayoiona ikichungulia ardhini ni ya kanisa la Wareno na majengo yao. Hapa kuna jambo la lugha linalopendeza. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na ndilo lililotupa neno gereza. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome yote ikaitwa gereza, na ngome zilipofanywa mahabusu neno likahamia kwenye jela. Ndiyo maana ile ngome ya Kilwa Kisiwani hadi leo inaitwa Gereza. Fort Jesus imewahi kuwa gereza kwa maana zote mbili.

Karibu na hapo kuna birika la kukingia mvua na kuna kisima. Usipite haraka. Kisima kilichimbwa wakati wa Wamazrui na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, ya kuogea na kufulia, si ya kunywa. Birika lilitegemea mawingu. Sasa fikiria watu wamefungiwa humu miezi 33. Kuzingirwa kulianza Machi 1696 na askari wa Kireno wasiofika 100 pamoja na mamia ya wenyeji walioshirikiana nao. Maradhi yakala zaidi ya risasi. Katikati ya 1697 maofisa wote wa Kireno walikuwa wamekufa, na aliyebaki kuamuru ulinzi alikuwa Daud, wa ukoo wa kifalme wa Faza, Mswahili wa kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake. Waomani walipopanda kuta Desemba 1698 waliwakuta watu kama kumi na mbili tu. Merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea siku chache baadaye, zikaona bendera iliyo juu si yao, zikageuza. Anayesimulia kisa hiki kuwa ni cha Waarabu na Wareno peke yao ameisahau Faza.

Upande wa baharini kuna mabaki ya nyumba ya kapteni na baraza la Wamazrui, chumba ambamo liwali alikaa na watu kusikiliza mashauri yao. Tazama boriti zilizochongwa maandishi ya Kiarabu, na mabaraza ya mawe ya kukalia. Ni mahali pa kukaa dakika tano. Karibu yake ni ujia wenye matao unaoshuka ndani ya mwamba hadi kwenye uwazi wa bahari. Mzigo na watu waliweza kuingia kwa njia hii kutoka mashuani bila kupita mlango mkubwa. Ni giza ukilinganisha na nje, na ngazi hazilingani kimo: simama macho yazoee kwanza, kisha shika ukuta wa upande usio na rangi. Wenye tatizo la magoti wautazame kutoka juu.

Mwenye kiti cha magurudumu ataweza, kwa msaada wa mtu mmoja mwenye nguvu, kuufikia mlango na sehemu kubwa ya uwanja. Burujini, juu ya kuta na ujiani hapana. Kuna ngazi tupu.

Ukumbini, jua likiwa limekomaa

Sasa ingia ukumbi wa makumbusho, mahali palipokuwa kambi ya askari. Mambo mawili yasikupite.

La kwanza ni vitu vya Santo António de Tanna. Hii ni merikebu ya vita ya mizinga 42, iliyoundwa Baçaim, India, ikaletwa kuiokoa ngome na ikazama hapa mbele yake Oktoba 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980. Ukitoka nje ukatazama maji yaliyo chini ya ukuta, ndipo ilipolala. Wengi hutazama mitungi na vyombo vile kama vitu vya Ureno. Vimetoka mita chache kutoka ulipoegesha tuktuk.

La pili ni vigae vya Gedi, Manda na Ungwana, miji ya kale ya pwani ya Kenya. Kaure ya China na vyungu vya hapa vimewekwa pamoja. Linganisha tarehe: vingi ni vya kabla Mreno hajaonekana pwani hii. Biashara ilikuwapo, miji ya mawe ilikuwapo, ngome ilikuja kuitoza kodi.

Tafuta pia michoro ya ukutani ya askari wa Kireno, ya makaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, samaki. Si sanaa ya mabwana, ni ya vijana waliokuwa na muda mwingi na mkaa mkononi. Picha bila mwanga wa flashi. Mifupa ya nyangumi iliyo uwanjani watoto huipenda kuliko vyote. Waahidi mwishoni, si mwanzoni, la sivyo hamtaondoka pale.

Jambo moja la mwisho juu ya mawe. Matumbawe ni jiwe jepesi lenye vitundu, na mawimbi yamekuwa yakiula mwamba wa upande wa bahari kwa miaka mingi, ndiyo maana ukuta wa kuzuia bahari ulijengwa chini yake miaka ya karibuni. Ukiona sehemu imefungwa kwa kamba au mabati, kuna fundi wa chokaa anayefanya kazi au kuna jiwe lililolegea. Kamba ile si mapambo.

Ukitoka

Mbele ya mlango inaanzia Ndia Kuu, yaani njia kuu kwa Kimvita, inayoingia Mji wa Kale. Nusu saa inatosha kufika hadi bandari ya zamani na kurudi, ukipita milango ya nakshi na roshani za mbao. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, ni mkongwe kuliko ngome yenyewe. Usiingie msikitini bila kukaribishwa, na usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa akina mama. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana maduka mengi hufungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani usitegemee chakula mchana. Lakini baada ya magharibi mitaa hiyohiyo hujaa viazi karai, mishkaki na kaimati. Siku za kawaida kunywa dafu kwanza, kahawa chungu na kashata baadaye.

Anayevuka Likoni jioni aondoke Mji wa Kale kabla ya saa kumi. Kuanzia saa kumi na moja watu wa kazini wanarudi kusini, na foleni ya feri hurefuka hadi barabarani.